Fenda ya Pijo la Mzee Mashimba

Wahenga hawakuwa na gereji, lakini habari za kutu walizijua. Waliposema mficha maradhi kilio humfichua, hawakuwa na maana ya homa na vidonda peke yake. Walikuwa na maana ya kila uozo ambao mtu huuona kwa macho yake, akaufunika, kisha akatembea juu yake akimwomba Mungu usifunuke. Maradhi yanayosemwa mapema hutafutiwa dawa. Yanayofichwa hungoja siku yenye watu wengi. Fundi Revocatus wa Kirumba, jijini Mwanza, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, tena aliwahi kuiandikia insha akapewa alama nzuri. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuiogopa ni jambo jingine.

Revocatus alikuwa fundi wa bodi. Gereji yake ilikuwa karibu na uwanja wa mpira, na upepo ulipovuma kutoka soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa iliingia mpaka kwenye makopo ya rangi. Injini hakuzigusa. Kazi yake ilikuwa bati: kulinyoosha, kulikata, kuliunga na kulichomelea. Gari lililoingia kwake limekunjamana kama karatasi ya kufungia maandazi lilitoka limenyooka, na mwenyewe akalizunguka mara mbili akitafuta palipokuwa pameumia asipaone. Ndiyo maana watu walimwita Daktari wa Mabati. Jina hilo lilimkaa vizuri, na kwa kweli lilimkaa vizuri kuliko ilivyofaa.

Siku moja Mwalimu Bernadeta, mwanamke mpole aliyefundisha Butimba, alimletea mgonjwa. Lilikuja likivutwa kwa kamba: gari aina ya Pijo 404 la baba yake, Mzee Mashimba wa Sengerema, ambaye ujana wake wote ulikwisha akiendesha magari ya kiwanda cha kuchambua pamba. Lilikuwa limelala miaka mingi katika banda la mahindi. Vioo vilikuwepo, viti vilikuwepo, hata nembo ya simba ilikuwepo. Lakini fenda ya nyuma upande wa kulia ilikuwa imeliwa yote na kutu, ikabaki kama jani la mgomba lililopigwa na mvua ya mawe.

"Baba na mama wanatimiza miaka hamsini ya ndoa," Mwalimu Bernadeta alieleza. "Siku ya harusi yao walipanda gari hili. Wakati huo lilikuwa la bosi wake, baadaye akauziwa. Nataka walipande tena siku ya jubilei, waje nalo huku mjini, kanisani palepale walipofungia ndoa. Inawezekana, fundi?"

Revocatus alilizunguka gari akiligonga kwa kifundo cha kidole, sikio limeelekezwa kwenye bati, kama wafanyavyo mafundi wa zamani. Bati zima hutoa mlio, bati bovu hunyamaza. Jirani yake Maige, naye fundi wa bodi, alikuja kutazama akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Revo, usiishie nje," Maige alisema. "Ingia chini uangalie springi inapokaa. Haya magari ya zamani yanaoza kwa ndani."

"Maige, wewe ukimwona mtu kachanika shati, unampeleka kupigwa picha ya mifupa?"

Waliokuwepo waliangua kicheko. Maige alicheka pia, akarudi kwake na chai yake. Naye Revocatus, kicheko cha watu kikiwa bado kimempa kichwa, alimgeukia Mwalimu Bernadeta akanena kwa sauti ya kusikika: "Mwalimu, mifupa ni mizima. Nguo tu ndiyo imechanika. Nasema hivi mbele ya watu hawa wote."

Nguo yenyewe ikawa kazi kuipata. Fenda ya Pijo 404 haikuwepo Mwanza nzima. Revocatus alipekua vyuma chakavu vya Igoma, akaenda Magu, akaenda Bunda, akapiga simu mpaka Arusha. Kila mahali alichekwa. Mwishowe dereva mmoja wa lori alimwambia kuwa kule Shirati, mkoani Mara, kuna mama Mjaluo mwenye gofu la gari kama hilo kando ya nyumba yake, nalo limekuwa banda la kuku.

Alilikuta. Na fenda ya kulia ilikuwa nzima, imenona, ina mviringo ule wa kizamani unaoanza taratibu mlangoni na kuishia nyuma kwa ncha kama pezi. Revocatus alipoiona moyo ulimruka. Mwenye gari, Mama Anyango, alimkaribisha vizuri, akampa uji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Gari hii haikatwi," alisema. "Marehemu Okumu alisema ikae hapo mpaka mtoto wake wa mwisho ajenge. Kuku watalala, watoto watacheza, lakini msumeno hapana."

"Mama, hata kuazima?"

"Unaazimaje kiungo cha mtu? Kuipima, pima. Kupima siyo kukata."

Basi alipima. Alipasua mifuko ya saruji, akaibandika karatasi yake juu ya fenda, akaikata kufuata kila mkunjo. Alikunja waya mnene juu ya mgongo wa fenda na ubavuni mwake, kuku wakimparua miguu. Akarudi Mwanza na furushi la karatasi na nyaya ambalo kondakta wa basi alitaka kulitupa.

Gerejini alichonga kalibu ya mbao, akaijaribisha kwa zile karatasi mpaka ikakubali. Kisha akaanza kulifinyanga bati: juu ya mfuko wa mchanga, juu ya kalibu, nyundo ya mti ikilia taratibu tangu asubuhi. Bati la kwanza lilipasuka. La pili lilikunjika pasipotakiwa. La tatu lilikubali. Siku lilipokamilika, mafundi wa jirani walikuja kulitazama, na Maige alipitisha kiganja juu yake, akatikisa kichwa, akasema, "Hapa nimenyoosha mikono, ndugu yangu." Revocatus alitamani siku hiyo isiishe.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo fundi tu anaweza kulifanya. Aliipenda ile fenda mno. Alitamani kuliona gari limeivaa, akaichomelea siku ileile, kila mshono, akasaga mishono mpaka ikapotea. Baadaye ndipo alipoingia chini ya gari kupaka rangi ya kuzuia kutu kwa ndani. Akafika pale springi inapokaa, penye kile kikombe cha chuma kinachobeba uzito wote wa nyuma. Pakaonekana pamevimba kidogo. Akapabonyeza kwa bisibisi.

Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, kama imechomwa kwenye ndizi mbivu.

Revocatus aliichomoa bisibisi, na unga mwekundu wa kutu ukammwagikia usoni. Alijua alichokiona. Kuifikia sehemu ile vizuri, mtu hana budi kuikata fenda. Ile fenda. Na kuikata ni kuwaita watu wote waliosikia habari za shati na mifupa, kuanzia Maige, waje waone. Ni kumwambia Mwalimu Bernadeta kwamba jubilei isogezwe, au wazazi wapande gari jingine, kwa kuwa Daktari wa Mabati alimpima mgonjwa kwa kidole.

Angeweza kusema. Maige alikuwa hapo jirani, anapiga mluzi. Sauti moja tu ilitosha.

Hakusema. Alikwenda nyumbani, na kwenye kikapu cha mkewe Dorcas akachukua kitenge kikuukuu cha jikoni, chenye picha za samaki wa njano. Akakisokomeza ndani ya lile tundu pamoja na waya wa wavu, akakandika puti, lile dongo jeupe la kuzibia mabati, akapiga msasa, akapaka lami nyeusi juu yake. Alipomaliza, palikuwa safi kuliko upande wa pili ambao haukuwa na ubovu wowote. Jioni Dorcas aliuliza, "Baba Jonathan, hujakiona kitenge changu kile cha samaki?" Akajibu, "Labda panya." Hivyo ndivyo uongo ulivyo, huzaa kabla hata haujaota meno.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia mwilini mwake. Chakula alikirudisha nusu sahani. Gari lolote likipita barabarani likigonga shimo, yeye alishtuka. Alijiambia kuwa ni safari moja tu, kwenda na kurudi, kisha Mzee ataliegesha gari na kulitazama. Alijiambia kuwa amewahi kuona magari yanayotembea na ubovu mkubwa zaidi ya huo. Kila alichojiambia kilikuwa na ukweli kidogo, na ule ukweli kidogo ndio uliompoteza.

Mwalimu Bernadeta alipokuja kulichukua, injini ikiwa imeshatengenezwa na fundi mwingine, rangi ya maziwa iking'aa juani, machozi yalimlengalenga. Alilizunguka, akaishika fenda, akauliza, "Kuna kingine chochote ninachopaswa kujua, fundi?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi wewe na Mama Jonathan mtapanda nasi siku ya jubilei. Wazazi wanataka kumwona mtu aliyelifufua."

Revocatus alitafuta sababu ya kukataa, asiipate. Dorcas alikuwa ameshasema asante, anafikiria gauni la kuvaa.

Siku ikafika. Daraja jipya la Busisi lilikuwa limeshafunguliwa, na Mwalimu Bernadeta alitaka kupita huko. Lakini Mzee Mashimba alikuwa amekataa katakata kwa simu: siku ya harusi walivuka kwa kivuko cha Kamanga, na leo watavuka kwa kivuko cha Kamanga. Revocatus aliposikia neno kivuko, akili yake ilikwenda moja kwa moja ufukweni. Aliona mlango wa chuma wa kivuko unavyolazwa ufukweni, aliona ule ukingo wake ambao kila gurudumu lazima liugonge.

Alfajiri walivuka kutoka mjini kwenda kuwachukua wazee, Mwalimu Bernadeta akiendesha. Gari lilipopanda, Revocatus alikuwa amesimama ndani ya kivuko na abiria wengine, akiitazama ile fenda tu. Gurudumu la nyuma liligonga ukingo, du, likapanda. Hakuna kilichotokea. Upande wa pili liligonga tena, du, likashuka. Hakuna kilichotokea. Akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya bisibisi alihisi njaa, akanunua karanga, akamtania Dorcas juu ya gauni lake. Labda imeshika, alijisemea. Mungu ni mwema, imeshika.

Nyumbani kwa Mzee Mashimba palikuwa na nyimbo na vigelegele. Mzee mwenyewe alitoka amevaa suti ya rangi ya kahawa, akaliona gari, akasimama. Alilikaribia polepole, kama mtu anayemkaribia ndugu aliyeambiwa amekufa. Akapapasa boneti, akapapasa milango, akafika kwenye fenda ya nyuma, akaweka shavu lake juu yake. Mzee wa watu alilia bila kujificha.

"Shikamoo, Mzee," Revocatus alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wabeja, fundi. Wabeja sana." Alishukuru kwa Kisukuma, akamshika mikono yote miwili. "Umenirudishia ujana wangu. Sina cha kukulipa, nitakuombea tu."

Neno lilimpanda Revocatus mpaka kwenye ulimi. Mzee, gari hili ni bovu. Maneno matano tu. Lakini wakati huohuo wanawake walipiga vigelegele, mtu akaleta maji ya kunywa, naye badala ya kusema akanywa. Maji yakalishusha lile neno tumboni.

Mama Modesta, bibi harusi wa miaka hamsini, alitolewa ndani akishikwa mikono huku na huku, kwa kuwa magoti yalikuwa yamemchakaa. Alikuwa mdogo wa mwili, mcheshi, amevaa gauni jeupe na kilemba. Akaelekea moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa kulia.

Revocatus aliwahi mbele yake. "Mama, kaa upande huu wa kushoto. Huo una jua, utakuchoma."

"Jua lipi la kunichoma mimi baba, jua la leo?" Mama Modesta alicheka. "Siku ile nilikaa hapa, nyuma ya kiti cha dereva, nikawa naitazama shingo ya huyu mzee kwenye kiti cha mbele. Leo atakuwa yeye dereva. Nitaitazama tena."

Watu wakacheka. Akakaa palepale, juu ya springi, juu ya kikombe, juu ya kitenge cha samaki wa njano. Dorcas na Mwalimu Bernadeta wakakaa kando yake. Mzee Mashimba alishika usukani mwenyewe, na Revocatus akaketi karibu naye.

Barabara iliteremka kuelekea ziwani. Mzee aliendesha kwa adabu, mikono yote miwili juu ya usukani, akisimulia habari za marobota ya pamba. Revocatus hakusikia hata neno moja. Masikio yake yalikuwa nyuma. Wakapita tuta, na ndipo aliposikia: ko. Kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Wakapita shimo: ko, ko.

Mzee akaacha kusimulia. Dereva wa miaka mingi ni dereva tu. "Fundi, kuna kitu nasikia huko nyuma kulia."

"Ni raba ya mlango, Mzee. Ni mpya, bado haijazoea."

"Raba?"

"Raba, Mzee."

Mzee Mashimba aliitikia kwa kichwa. Alimwamini. Huko kuaminiwa kulimchoma Revocatus kuliko ambavyo kutukanwa kungemchoma, akageuza uso dirishani, ziwa likawa linaonekana kati ya mawe, tulivu na kubwa, na yeye akaliogopa kama hajawahi kuliona.

Walipofika Kamanga, kivuko kilikuwa kinapakia. Utaratibu ni kwamba abiria hushuka garini wakapanda kwa miguu, dereva akabaki peke yake. Wote walishuka. Lakini Mama Modesta, kwa ajili ya magoti yake, aliruhusiwa kubaki. Mhudumu wa kivuko, kijana mwenye koti la njano, alimpungia mkono kwa heshima, akaashiria gari lisogee.

Mzee Mashimba alitoa kichwa dirishani. Hakumtazama mhudumu. Alimtazama Revocatus, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari.

"Fundi, nipandishe?"

Hapo ndipo mlango wa mwisho ulipokuwa wazi. Mbele yake palikuwa na Mwalimu Bernadeta, na Dorcas, na jamaa wa harusi, na wachuuzi wa samaki, na watu wa pikipiki, wote wakilitazama gari la ajabu na fundi wake. Moyo ulimwambia, sema. Akafikiria: asubuhi imepanda, itapanda tena.

"Pandisha, Mzee."

Magurudumu ya mbele yalipanda vizuri. Gari likainua pua. Gurudumu la nyuma la kulia likaugonga ukingo wa chuma, na kitu kikalia kwa ndani kama mti mkavu unaovunjwa kwenye goti. Springi ikapenya juu mpaka kwenye kiti cha nyuma. Gari likaketi upande mmoja kwa kishindo, tairi likaing'ang'ania fenda na kuipasua, na Pijo likaanza kurudi nyuma mshazari, taratibu, kuelekea ukingo wa mlango wa kivuko ambako hapakuwa na kizuizi. Chini yake palikuwa na maji meusi.

Ndani ya gari Mama Modesta alipiga kelele. Haikuwa kelele ndefu. Ilikuwa kilio kimoja chembamba cha mtu mzima aliyeumia, lakini kiliingia mwilini mwa Revocatus na hakijatoka mpaka leo.

Alijitupa nyuma ya gari akalisukuma kwa bega, viatu vikiteleza kwenye chuma chenye majimaji. "Shikeni! Jamani, shikeni!" Wachuuzi wakaacha ndoo zao, watu wa pikipiki wakaja, mhudumu akasukuma gogo chini ya gurudumu. Mzee Mashimba alikuwa ameshavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Gari likasimama. Nusu ya tairi ilikuwa inaning'inia hewani.

Wakamtoa mama. Alikuwa hai, amejikunja, uso umekuwa wa majivu, na nyonga yake ya kulia haikutaka kuguswa. Gauni jeupe lilikuwa na unga mwekundu wa kutu tangu kiunoni. Mwalimu Bernadeta alipiga magoti akamshika kichwa, akirudia neno moja tu, "Mama, Mama, Mama."

Hapo ndipo watu walipoigeukia fenda. Ilikuwa imefunguka kama kopo. Mabonge ya puti yalikuwa yametawanyika juu ya chuma, meupe, na lami ikaning'inia vipande vipande, na katikati yake palitoka kitambaa kirefu kilichoburuzwa na tairi. Dorcas alikiokota. Alikikung'uta kutu, akakikunjua. Samaki wa njano wakaonekana.

Alimtazama mumewe mbele ya watu wote wale.

"Baba Jonathan," alisema kwa sauti ndogo, "panya ndiye aliyekileta huku?"

Hakukuwa na mtu pale aliyehitaji jibu. Hata mtoto aliyebebwa mgongoni angeelewa.

Jubilei ilifanyika hospitalini. Padri alikuja na stola yake ya ibada mfukoni, akawabariki wazee wale wawili, mmoja akiwa kitandani mguu umefungwa na kuning'inizwa, mwingine akiwa amesimama kando na suti yake ya kahawa yenye madoa. Nyimbo ziliimbwa kwa sauti ya chini kwa ajili ya wagonjwa wengine. Revocatus alibaki nje ya mlango, mgongo ukutani. Aliogopa kuondoka na aliogopa kuingia.

Mzee Mashimba alipotoka alimkuta palepale. Revocatus akapiga magoti, akasema yote: bisibisi, kitenge, lami, raba ya mlango. Alisema kama anatapika. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia pale nyumbani," Mzee akasema, "tungekwenda kwa gari la mtu yeyote. Tungekwenda hata kwa trekta. Mke wangu angecheka njia nzima." Akajifuta macho. "Sitakupeleka polisi wala mahakamani. Lakini gari likirudishwa gerejini kwako, nataka uikate hiyo fenda mbele yangu. Nataka nione kulikuwa na nini."

Basi siku ikaja Revocatus akaikata. Mafundi wa Kirumba walikusanyika, na safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Mashimba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya fimbo. Maige alikuja bila kuitwa, akalishika bati upande wa pili lisitetemeke. Revocatus aliikata ile fenda aliyoipenda kuliko kazi zote za mikono yake, iliyofuata karatasi za saruji na nyaya za Shirati, cheche zikimrukia, na machozi yakimtoka ndani ya miwani ya kuchomelea. Bati lote likatoka. Ndani pakaonekana.

Mzee aliinuka akasogea. Akaweka kiganja chake juu ya palipooza. Kiganja kikapafunika pote na kuzidi.

"Ni hapa tu?"

"Ni hapa tu, Mzee."

"Kwa kuunga kiraka cha chuma, ni kazi ya muda gani?"

Revocatus alimtazama Maige, kisha akaangalia chini. "Siku moja, Mzee. Na fenda ningeirudisha. Mshono wake usingeonekana."

Mzee Mashimba alikifuta kiganja kwenye suruali, akachukua fimbo yake, akaondoka kwenda hospitalini kukaa na mkewe, ambaye daktari alikuwa amemwambia kwamba huenda asitembee tena. Revocatus alisimama katikati ya gereji na kipande cha fenda mkononi, na kile kilio chembamba cha Kamanga kikampitia tena masikioni, naye akajua kuwa kitampitia kila atakapoligonga bati kwa kidole.

Kweli, mficha maradhi kilio humfichua.